Likizo ya ng'ambo: ya kuulizana kabla ya kukata tiketi

Ofisi ya Uhamiaji ya Kurasini, wilayani Temeke, haikosi watu asubuhi. Wapo wanaofuata pasipoti kwa ajili ya masomo, wapo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda kufunga mzigo Guangzhou, wapo wanaojiandaa kwa hija. Siku hizi wapo na wengine ambao zamani ilikuwa nadra kuwakuta kwenye foleni hiyo: mwalimu wa Mbagala, mwenye duka la vipodozi Tandika, wanandoa wa Sinza. Hawaendi kusoma wala kununua bidhaa. Wanataka kupumzika tu. Kwa lugha ya mtaani, wanakwenda kula bata. Wiki moja Dubai, siku chache Cape Town, na mwenye uwezo zaidi anaitaja Istanbul au Paris.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, hutolewa kwa Sh150,000 na hudumu miaka 10. Katika safari nzima hiyo ndiyo hatua nyepesi. Uamuzi wenyewe, wa kwenda au kutokwenda na kwenda wapi, mara nyingi hufanywa kwa kutazama picha za rafiki aliyetangulia na bei ya tiketi ya ofa. Mtu anayejenga chumba na sebule Chamazi huuliza watu kumi kabla ya kununua mabati. Safari inayokula fedha kama hizo hizo nayo inastahili kuulizwa.

Raia wa mataifa tajiri huandikiwa tahadhari na serikali zao. Marekani huzipanga nchi za dunia katika ngazi nne za hatari, na Tanzania imo. Oktoba 31, 2025, siku mbili baada ya vurugu za uchaguzi mkuu, ilipandishwa hadi ngazi ya tatu, ile inayomtaka Mmarekani afikirie upya safari yake. Kinondoni ina kumbukumbu ya zamani zaidi. Agosti 7, 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani uliokuwa huko na kuua watu 11, siku moja na lile la Nairobi lililoua zaidi ya 200. Hakuna Mmarekani hata mmoja aliyekufa Dar es Salaam siku ile. Kwa hiyo mkazi wa jiji hili hahitaji kufundishwa kwamba hatari haina pasipoti. Ameiona mtaani kwake.

Orodha za wenzetu zinasomeka bure mtandaoni, na zinafaa kusomwa. Tatizo ni kwamba ziliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye hati nyingine, ubalozi mwingine na mara nyingi sura nyingine. Johannesburg ya mtalii wa Uingereza si Johannesburg ya kijana wa Temeke. Mtanzania haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na ndiyo maana nchi hiyo huwavutia wengi. Lakini ghasia za chuki dhidi ya wageni zilizotokea mwaka 2008, 2015 na 2019 hazikuwatafuta watalii wa Ulaya hotelini. Ziliwatafuta Waafrika wa nchi nyingine madukani na kwenye nyumba za kupanga. Septemba 2019 Air Tanzania ilisitisha kwa muda safari zake za Johannesburg kwa sababu hiyo. Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, Waafrika wa Guangzhou walifukuzwa hotelini na kwenye nyumba walizopanga, wengine wakalala barabarani, ilhali wageni wa mabara mengine hawakuguswa hivyo. Mambo ya namna hii hayamo kwenye kitabu cha mtalii. Yanajulikana kwa kumpigia simu Mtanzania anayeishi huko na kumuuliza waziwazi: mtu mweusi anaishije hapo, mtaa gani aukwepe, polisi akimsimamisha afanye nini.

Swali zito kuliko yote, hata hivyo, ni hili: nikiharibikiwa, nani atanipokelea simu?

Tanzania ina balozi zaidi ya 40 duniani, na balozi moja huweza kusimamia nchi kadhaa. Februari 2022, vita vilipoanza Ukraine, mamia ya wanafunzi wa Kitanzania walijikuta katika nchi ambayo haina ubalozi wetu. Ubalozi wa Stockholm, Sweden, ndio uliokuwa ukiwaelekeza namna ya kufika mipakani. Mwaka uliofuata, Aprili 2023, mapigano yalipoanza Khartoum, Watanzania takriban 200, wengi wao wanafunzi, walisafirishwa kwa mabasi hadi Ethiopia na kutoka huko wakaletwa nyumbani kwa ndege ya Air Tanzania. Hawa hawakuwa watalii, lakini kisa chao kinamhusu mtalii moja kwa moja. Kilichowasaidia ni kujulikana. Walikuwa na vyuo, viongozi wa wanafunzi, makundi ya WhatsApp, orodha za majina. Mtalii wa siku tano aliyekata tiketi kimyakimya ili kazini wasijue hana orodha yoyote inayomtaja. Kutuma jina, namba ya pasipoti na tarehe za safari kwa barua pepe ya ubalozi unaohusika hakuna gharama, na bado ni wachache wanaofanya hivyo.

Hata njia ya kupita ina habari zake. Safari nyingi za kutoka Dar es Salaam huunganishwa Dubai, Doha, Istanbul au Addis Ababa. Aprili 16, 2024 mvua kubwa ambayo Dubai haikuwahi kuipata kwa miaka 75 ilifurika hadi kwenye njia za kurukia ndege, na abiria wakalala uwanjani kwa siku kadhaa. Juni 23, 2025 Qatar ilifunga anga lake Iran iliporusha makombora kuelekea kambi ya Marekani ya Al Udeid. Ndege zilizokuwa njiani kwenda Doha zikageuzwa. Aliyekuwa na fedha za siku mbili za ziada na dawa zake kwenye begi la mkononi aliudhika tu. Aliyepigia hesabu hadi shilingi ya mwisho aliteseka.

Fedha basi. Ada ya viza ya Schengen, inayofungua nchi 29 za Ulaya, ilipanda Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, na hairudishwi mwombaji akikataliwa. Ombi hilo linadai bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri na uthibitisho wa mahali pa kulala. Marekani imekuwa ngumu zaidi. Oktoba 2025 Watanzania waliingizwa kwenye utaratibu wa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kabla ya kupewa viza ya matembezi, na kiwango hicho cha chini peke yake ni zaidi ya Sh12 milioni. Halafu, kuanzia Januari 1, 2026, viza za matembezi kwa Watanzania zikasitishwa kwa amri ya Rais Donald Trump. Aliyekuwa akiwekeza kwenye kikoba ili aende kumtembelea dada yake Houston ameona mpango wa miaka ukifutwa kwa karatasi moja. Ndiyo sababu watu waliozoea safari husisitiza utaratibu mmoja: viza kwanza, tiketi baadaye. Na kabla ya viza, pasipoti itazamwe tarehe zake, maana nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi sita iliyobaki.

Ugumu huo ndio unaowalisha vishoka. Ukipita Mwenge au Mbagala Rangi Tatu na kutaja kwamba unatafuta viza, hutakosa mtu anayemjua mtu. Anadai ana mtandao ubalozini, anataka picha ya pasipoti na malipo ya awali kwa simu. Hakuna ubalozi unaouza nafasi kupitia kijiwe. Mbaya zaidi, taarifa ya benki ya kughushi anayokutengenezea kishoka inaandikwa kwa jina lako, si lake, na ikigundulika unaweza kufungiwa kwa miaka mingi. 

Aina ya viza nayo si jambo la makaratasi tu. Hija si likizo, lakini hija ya Juni 2024 ina fundisho kwa kila msafiri. Joto kwenye Msikiti Mkuu wa Makka lilifika nyuzi 51.8, na Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301. Zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi waliokufa walikuwa hawana kibali cha hija. Wengi waliingia kwa viza ya matembezi, baada ya mawakala katika nchi zao kuwahakikishia kwamba yote ni sawa. Bila kibali hawakuwa na nafasi kwenye mahema yenye viyoyozi wala kwenye mabasi, wakatembea juani masafa marefu. Karatasi isiyo sahihi iliwanyima kivuli.

Kuna na wale ambao likizo yao si likizo. Kijana anaambiwa asafiri kwenda Bangkok kwa viza ya utalii, akifika kazi ya kompyuta inamsubiri, mshahara wa dola. Kutoka Bangkok anavushwa mto hadi Myawaddy, Myanmar, katika kambi zenye uzio ambako hulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Februari 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye kambi hizo, na miongoni mwao walikuwamo Waethiopia, Wakenya na Waganda. Mzazi anayesikia kwamba mwanawe wa miaka 23, asiye na ajira, amelipiwa tiketi na hoteli na mtu aliyekutana naye Telegram ana haki ya kuuliza maswali hata kama ataonekana mshamba.

Lakini kama ni kuchagua hatari moja ambayo familia za Dar es Salaam huidharau kuliko zote, ni mzigo wa mtu.

Ni desturi nzuri iliyogeuka mtego. Habari zikienea mtaani kwamba fulani anasafiri, jioni ya mwisho wageni huanza kubisha hodi. Mama mmoja ana kifurushi cha mwanawe aliyeko Muscat: dagaa, unga wa muhogo, khanga mbili, na chupa ya dawa ya kienyeji. Jirani ana simu ya kurudisha. Rafiki wa rafiki ana begi dogo tu, litapokelewa uwanjani. Kumkatalia mtu mzima ni kukosa adabu, na jina lako litazungushwa barazani. Ila afisa forodha wa upande wa pili haulizi begi hili alikupa nani. Anauliza begi hili ni la nani, na stika ina jina lako.

Mwaka 2013 padri John Wotherspoon, anayewahudumia wafungwa Hong Kong, alianza kuchapisha barua za Watanzania waliokuwa gerezani huko kwa kusafirisha dawa za kulevya. Waliwaonya wenzao nyumbani wasikubali kazi hiyo, wakaeleza kwamba walioahidi kuwatajirisha hawakuwahi kurudi kuwaangalia. Wengi wa walioandika walijua walichobeba. Wapo duniani wasiojua kabisa. Desemba 2018 mwanafunzi wa Kinigeria alikamatwa Saudi Arabia, alikokwenda kufanya umra na mama yake, kwa sababu begi lenye dawa za tramadol lilikuwa na stika yenye jina lake. Uchunguzi ulionyesha kwamba wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa Kano ndio waliotumia jina lake kupitisha begi lisilo lake. Alikaa kizuizini takriban miezi minne, katika nchi ambayo kosa hilo huadhibiwa kwa kifo, hadi alipoachiwa Aprili 2019. Singapore, ambayo Mtanzania huingia bila viza, adhabu ya kifo humfika anayesafirisha heroini inayozidi gramu 15. Hicho ni kiasi kinachoingia kwenye kiganja cha mtoto.

Kwa hiyo begi lifungwe na mwenyewe, lipigwe picha likiwa wazi na likiwa limefungwa, na kipande cha stika kinachobaki kwa abiria kitunzwe mpaka mtu afike nyumbani. Na lawama ya jirani ipokelewe. Njia nyepesi ya kukataa bila kuvunja undugu ni kuitaja safari mtaani ukiwa umesharudi.

Wala si heroini pekee. Mirungi inauzwa kihalali Nairobi, ni kosa Tanzania, na Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014. Mwaka 2017 mwanamke wa Kiingereza alihukumiwa miaka mitatu jela Misri kwa kuingia na vidonge vya tramadol alivyodai ni vya mwenzake mwenye maumivu ya mgongo. Falme za Kiarabu nazo zina orodha ndefu ya dawa zinazohitaji kibali, zikiwamo zenye kodeini ambazo watu hununua kwa ajili ya kikohozi. Nyama na maziwa ya nyumbani haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, hata vikiwa vimefungwa na bibi kwa mapenzi yote.

Mgonjwa wa sukari au presha asafiri na dawa za kutosha kwenye begi la mkononi, katika maboksi yake, pamoja na cheti cha daktari. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ichukuliwe mapema. Tangu Julai 2016 chanjo moja hutambuliwa kwa maisha yote. Na jambo moja halitajwi vya kutosha: mkazi wa Dar es Salaam akipata homa akiwa ng'ambo, hata wiki chache baada ya kufika, amwambie daktari mara moja kwamba anatoka nchi yenye malaria. Daktari wa Istanbul anaweza kumwona mgonjwa wa mafua tu, akampa dawa za kutuliza homa na kumruhusu aende, na malaria kali haingoji.

Kadi ya bima ya afya ya NHIF haimlipii mtu hospitali ya Dubai. Mgeni anayeingia Zanzibar ametakiwa tangu Oktoba 1, 2024 kununua bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar, na wengi wetu tuliona ni sawa mgeni ajitegemee. Msimamo huo ungefaa kututazama na sisi. Kila mtu wa jiji hili ameshawekwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia kurudisha mwili wa ndugu kutoka nje, akaona hesabu inavyopanda kwa Sh10,000 na Sh20,000 huku siku zikienda. Bima ya safari inayotaja kwa maandishi matibabu ya dharura na kurudisha mwili hununuliwa hapa hapa Dar es Salaam kabla ya kuondoka. Inunuliwe hata pale ambapo viza haiidai.

Kuhusu ndege zenyewe, msomaji anapaswa kujua kwamba Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga lake, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yaliyopewa cheti Tanzania, kwa hoja kwamba usimamizi wa mamlaka yetu ya anga una mapungufu. Orodha hiyo haizuii safari za Mumbai wala Dubai. Lakini abiria ana haki ya kujua, na ana haki ya kuona mapungufu hayo yakirekebishwa hadharani, hasa katika nchi iliyozika watu 19 wa ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022.

Wapo watakaopiga hesabu zote hizi na kuona mwaka huu haiwezekani, na hakuna aibu. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, kwa nauli iliyoanzia Sh13,000 daraja la kawaida. Kutoka hapo Mikumi haiko mbali. Familia ya watu watano inaweza kulala huko siku tatu, watoto wakaona tembo kwa mara ya kwanza, kwa fedha ambazo ng'ambo zisingetosha viza zao. Kinachostahili kuogopwa ni ile safari ya mkopo: kuchukua fedha za kikoba au kuuza kiwanja cha Kongowe kwa ajili ya picha za wiki moja, kisha kurudi na marejesho ya mwaka mzima.

Na kwa anayekwenda, nyumba nayo inabaki. Mjumbe aambiwe, jirani mmoja anayeaminika aachiwe ufunguo, na picha za ufukweni zisubiri hadi mtu arudi, kwa sababu anayeweka kila kitu kwenye status anawatangazia wezi wa Yombo kwamba hakuna mtu ndani. Nakala za pasipoti, viza, bima na tiketi zibaki kwa ndugu mmoja, pamoja na namba ya hoteli.

Wiki ya mwisho ya Oktoba 2025 iliongeza jambo ambalo wasafiri wengi hawakuwa wamelifikiria. Kuanzia tarehe 29, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa Dar es Salaam, na mtandao ukaanza kurudi Novemba 3. Waliokuwa nje kwa siku hizo walitazama simu zao zikikaa kimya. Wao walikuwa salama, ila hawakujua hali ya walio Magomeni, Mbagala na Kimara. Waliofanikiwa kupata habari ni wale waliokuwa na namba za simu za kawaida za majirani na ndugu, si majina tu ndani ya WhatsApp. Kwa hiyo kwenye karatasi inayowekwa ndani ya pasipoti ziandikwe namba tatu: ya ubalozi, ya kampuni ya bima, na ya jirani wa mlango wa pili. Watu wakubaliane pia kabla ya safari nani atampigia nani iwapo mtandao utakatika, saa ngapi, na nyumbani ibaki fedha taslimu ya kuwatosha watoto kwa wiki nzima.